Kununua baiskeli ya kwanza ya resi kwa mfuko mdogo: mwongozo kamili kwa watu wa Moshi na Arusha

Watu wanaoniletea baiskeli za resi walizozinunua karibuni, wa hapa Moshi na wale wa Arusha wanaoshuka Jumapili, huja na vilio vinavyofanana. Mmoja mgongo unamuuma kila akifika Boma Ng'ombe. Mwingine tairi limepasuka, amezunguka mji mzima hajapata la kulingana nalo. Wa tatu fedha yote iliishia kwa muuzaji, sasa baiskeli imeegemea ukuta mwezi wa pili ikisubiri cheni.

Makosa ni matatu: fremu isiyomtosha mtu, magurudumu yasiyo na vipuri, na fedha isiyobakizwa. Karibu kila kitu kingine kwenye baiskeli ya mtumba fundi atakiweka sawa. Haya matatu ukiyakosea, umekosea baiskeli yote.

Ninaposema baiskeli ya resi nina maana ya ile nyepesi, yenye tairi nyembamba na usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume. Inayofuata ni njia ninayoitumia mimi ninapomsindikiza mtu kununua.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kutoka nyumbani

- Futi ya chuma ya fundi seremala, yenye milimita zinazosomeka. Futi ya kitambaa ya fundi cherehani inavutika, itakudanganya.
- Sumaku ndogo. Hata ya spika mbovu inafaa.
- Uzi imara wa mita tatu hivi.
- Spana za L za milimita 4, 5 na 6.
- Pampu inayoshika valvu nyembamba na valvu ya aina ya gari.
- Tochi na kitambaa kikavu.
- Daftari, kalamu, na kitabu chenye jalada gumu.
- Fundi, au rafiki anayeendesha, ambaye hana fungu kwenye mauzo hayo.

Kwa hicho cha mwisho nasisitiza. Mtafute fundi kabla hujaitafuta baiskeli. Muulize kama amewahi kufungua habu (kitovu cha gurudumu) ya resi na kunyoosha ringi nyembamba. Mafundi wetu wengi ni hodari sana wa baiskeli za mizigo, lakini si wote waliozoea gia nyingi na waya wa gia unaotaka kukazwa kidogo kidogo.

## Hatua ya 1: Gawa fedha katika mafungu matatu

Chukua fedha yote uliyonayo. Sehemu sita kati ya kumi ni za kununua baiskeli. Sehemu tatu ni za matengenezo ya mwezi wa kwanza. Sehemu moja ni ya kofia ngumu, pampu na viraka.

Kwa mfano, ukiwa na laki tano, unaingia sokoni na laki tatu. Laki moja na nusu inabaki nyumbani, na elfu hamsini ni ya kofia na vikorokoro. Usiibebe yote mfukoni. Muuzaji mzoefu anasoma uso wako, naye ataifikia shilingi ya mwisho uliyokuja nayo.

Sababu ya fungu la matengenezo ni kwamba baiskeli ya mtumba imekaa muda mrefu bila kuendeshwa. Mpira wa tairi umekauka, grisi imeganda, waya zina kutu. Hata ikiwa nzuri, itakudai tairi, tyubu, waya na pengine cheni.

Utajua umefaulu ukiweza kusema kiwango chako cha mwisho bila kusita, na kugeuka kuondoka kikizidi.

## Hatua ya 2: Pima mwili wako

Hapa ndipo mimi mwenyewe niliumia. Baiskeli yangu ya kwanza niliinunua jioni, kwa haraka, fremu ya sentimita 58 ilhali mwili wangu unataka 53. Muuzaji aliishusha siti hadi mwisho, akaniambia, "Unaona kaka, imekukaa." Miezi minne shingo na mikono viliniuma, na nilipoiuza nilipata nusu ya fedha yangu. Siti kushuka hakuifanyi fremu iwe fupi. Usukani unabaki mbali vile vile.

Simama peku, mgongo ukutani, miguu imeachana kidogo. Weka kitabu katikati ya mapaja, ukipandishe hadi kibane kama siti inavyobana. Rafiki apime toka sakafuni hadi ukingo wa juu wa kitabu. Pimeni mara tatu, chukueni wastani. Hicho ndicho kipimo chako cha mguu wa ndani.

Kizidishe kwa 0.65. Mguu wa sentimita 80 unatoa 52. Huo ndio urefu unaoutafuta kwenye bomba la siti, kuanzia katikati ya ekseli ya pedali (ile ya chini ya fremu inayoshika mikono yote miwili ya pedali) hadi katikati ya pale bomba la juu linapoungana nalo. Ukipata 51 au 53 ni sawa. Ukijikuta katikati ya ukubwa wa aina mbili, chukua ndogo, kwa kuwa siti inaweza kupanda, na kile kipande kinachoshika usukani kinaweza kubadilishwa kwa kirefu zaidi.

Kwenye fremu za siku hizi, ambazo bomba la juu limeinama kuelekea nyuma, kipimo hicho hakisemi ukweli. Hapo tumia mwili: simama juu ya bomba la juu miguu yote chini, nafasi kati yako na bomba ibaki sentimita mbili hadi tano. Kisha kaa, shika juu ya mikono ya breki. Viwiko viwe vimekunjika kidogo. Vikinyooka kama rula, baiskeli ni ndefu kwako.

Andika namba zako kwenye daftari. Baiskeli isiyolingana nazo usiitazame mara mbili, hata iwe inang'aa vipi.

## Hatua ya 3: Chagua aina ya fremu

Gusisha sumaku kwenye bomba. Ikinasa ni chuma. Isiponasa, mara nyingi ni alumini au kaboni.

Kwa mtu wa mfuko mdogo, chuma ndicho chaguo langu la kwanza. Kina uzito zaidi, lakini kinavumilia mashimo, na kikipasuka kwenye kiungo mchomeleaji mzuri anaweza kukirudisha. Alumini nzuri pia inafaa, ila ikipata ufa mwisho wake umefika. Usikubali ichomelewe kienyeji.

Kaboni ya mtumba iache. Inaweza kuwa imepasuka ndani bila rangi kuonyesha chochote, na ikikatika hukatika ghafla. Kwenye mteremko wa kutoka Marangu Mtoni kuja Himo hutapata nafasi ya kujuta.

## Hatua ya 4: Tafuta polepole

Baiskeli hupatikana kwa wauzaji wa mitumba, kwa matangazo ya mtandaoni, na kwa wageni wanaomaliza mkataba na kurudi kwao. Hawa wa mwisho mara nyingi wana baiskeli iliyotunzwa, na wanataka iondoke kabla ya tarehe ya ndege. Waulize pia waendeshaji wenyewe. Anayepanda daraja huuza ya zamani, na historia yake utaipata yote kwa mdomo.

Nenda asubuhi, jua likiwa limetoka. Jioni ufa hauonekani, na muuzaji anataka kufunga, nawe unataka kuwahi nyumbani. Nenda pia wakati wa masika, waendeshaji wanapopungua barabarani.

## Hatua ya 5: Ikague, sehemu kwa sehemu

Tenga nusu saa nzima. Muuzaji akikuharakisha, mshukuru uondoke.

### Magurudumu: soma namba, usisikilize jina

Hapa ndipo wengi wanaanguka. Pembeni ya tairi kuna namba kama 25-622. Ya kwanza ni upana, ya pili ni kipenyo cha mahali tairi linapokaa kwenye ringi, vyote kwa milimita. Unataka 622. Ndiyo ile inayoitwa pia 700C.

Utaambiwa, "Hii ni ishirini na nane, tairi zake zimejaa." Ndiyo, zimejaa, lakini ishirini na nane ya baiskeli zetu za mizigo, ile ya 28 × 1½, ni 635. Haiingii kwenye ringi ya 622. Resi nyingi za zamani zina inchi 27, ambayo ni 630. Kwa macho zinafanana kabisa. Tofauti ya milimita nane tu, na tairi haliingii au linachomoka.

Kama tairi limefutika namba, tafuta maandishi kwenye ringi. Usipoyaona, usinunue mpaka ulete tairi la 622 ulijaribishe.

Hakikisha pia tairi si la kugandishwa na gundi. Punguza upepo, bonyeza ukingo wa tairi kwa kidole gumba. La kawaida litaachana na ukuta wa ringi na utaona ndani. La gundi limeshonwa kama bomba, na ringi yake haina kingo za kushika tairi la kawaida. Ukilinunua, umenunua shida ya kuagiza matairi kutoka mbali.

Sasa zungusha gurudumu, tazama pengo kati ya ringi na raba ya breki. Likiyumba milimita mbili au tatu, fundi atalinyoosha kwa kukaza spoki. Ringi iliyobonyea ndani kwa kugonga shimo hainyooki vizuri. Pitisha kidole mahali breki inaposugua: pakiwa pamechimbika kama kijiko, ringi imeliwa na inaweza kupasuka tairi likijazwa upepo mwingi.

Mwisho, pima nafasi. Je, tairi la upana wa milimita 28 litapita kwenye foku (ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele) na chini ya breki, likabaki na milimita tatu au nne kila upande? Kwa vipande vibovu vya lami na miiba ya migunga upande wa Kisongo na KIA, tairi la 23 litakuchosha kwa pancha. Mimi baiskeli isiyopokea 28 siinunui, labda ipokee 25 na bei iwe ya chini sana.

### Fremu na foku

Pitisha tochi na vidole chini ya bomba la juu na bomba la chini, karibu na shingo ya mbele, pale usukani unapoingia kwenye fremu. Rangi iliyokunjamana au chuma kilichovimba hapo kinakuambia baiskeli iligonga kitu kwa mbele. Iache.

Kisha toa uzi. Ufunge kwenye mdomo wa fremu wa nyuma upande mmoja, ekseli inapokaa. Uzungushe mbele ya shingo, uurudishe hadi upande wa pili, uvutike sawasawa. Pima toka uzi hadi bomba la siti, kushoto na kulia. Vipimo vikitofautiana zaidi ya milimita mbili, fremu imepinda.

Legeza nguzo ya siti, ile inayoingia ndani ya bomba la siti, isogeze juu na chini. Iliyoganda ni ishara mbaya. Alumini ndani ya chuma, ikiingiwa na maji miaka mingi, hushikana kama imechomelewa, na utabaki na urefu wa siti wa mwenye baiskeli wa zamani.

### Gololi

Kaza breki ya mbele, sukuma usukani mbele na nyuma. Ikigonga, shingo imelegea. Inua gurudumu la mbele, geuza usukani taratibu: ukinasa katikati kama kwenye kijishimo, gololi zimechimba njia yake, shingo inahitaji vyuma vipya.

Shika mikono yote miwili ya pedali, itikise kushoto kulia. Ikicheza yote kwa pamoja, tatizo ni gololi za ekseli. Ukicheza mmoja tu, mkono huo umelegea kwenye ekseli, na ukiwa umeendeshwa hivyo muda mrefu tundu lake limeshaharibika.

### Cheni na meno

Weka sifuri ya futi katikati ya pini moja ya cheni iliyovutika. Hesabu pini 24 mbele. Cheni mpya inasoma milimita 304.8. Ikifika 306.5, cheni ya kubadilisha. Ikifika 308, imeshakula na meno ya nyuma, kwa hiyo hesabu gharama ya vyote viwili.

Hesabu pia gia za nyuma. Saba au nane ndizo rafiki wa mfuko mdogo: zinatumia cheni ya aina moja, ile ile ya baiskeli nyingi za milimani za bei nafuu. Tisa zinavumilika. Kumi, kumi na moja, kumi na mbili, kila kipuri kinapanda bei.

Sasa hesabu meno, maana sisi tunaishi kwenye miinuko. Resi nyingi za zamani zina sahani ndogo ya mbele yenye meno 42 na gia kubwa ya nyuma yenye meno 23. Hapo mzunguko mmoja wa pedali unakusogeza karibu mita 3.8. Ukiwa na 34 mbele na 28 nyuma, unasogea mita 2.5. Kwenye tambarare ya Mailisita hutaona tofauti. Kupanda Machame au Ilboru, ndiyo tofauti ya kuendesha na kusukuma kwa mkono.

Vibadilishia gia vilivyo kwenye bomba la chini, vya kusukuma kwa kidole, watu huvidharau. Mimi navipenda kwa baiskeli ya kwanza. Ni vyepesi, haviharibiki ovyo, na waya wowote wa gia unavifaa. Vile vilivyounganishwa na mkono wa breki ni vitamu kutumia, lakini kimoja kikifa ndani kinaweza kukugharimu robo ya bei ya baiskeli. Vijaribu kila gia, juu na chini, mara mbili.

### Breki

Kabla ya kupanda, bana mkono mmoja mmoja utazame gurudumu gani linashikwa. Baiskeli zilizotoka Japani au Uingereza kwa kawaida mkono wa kulia ni breki ya mbele. Za Ulaya bara na Marekani mara nyingi ni wa kushoto. Usipojua, utabana ya mbele kwa nguvu ukidhani ni ya nyuma, na utapita juu ya usukani.

## Hatua ya 6: Ijaribu barabarani

Mwachie muuzaji kitambulisho au simu, vaa kofia, tafuta barabara yenye magari machache. Moshi nenda Shanty Town. Arusha, barabara za ndani za Njiro.

Endesha dakika 15, si mzunguko mmoja wa uwanja. Panda mwinuko ukiwa umesimama kwenye pedali, sikiliza cheni kuruka au ekseli kulia. Shuka polepole, achia mikono ilegee bila kuuacha usukani: baiskeli isivute upande. Bana breki zote hadi usimame.

Ukishuka ukiwa na hamu ya kuendelea, mikono haijafa ganzi na hakuna mlio usioujua, umeipata.

## Hatua ya 7: Bei na karatasi

Fungua daftari, soma kasoro moja moja na gharama yake kama fundi wako alivyokutajia. "Tairi mbili, cheni, waya nne." Toa jumla hiyo kwenye bei. Punguzo lenye sababu muuzaji hulikubali kwa urahisi kuliko "nipunguzie kaka."

Igeuze baiskeli, soma namba ya fremu chini ya ekseli ya pedali. Ikiwa imekwaruzwa makusudi, ondoka. Baiskeli ya wizi itakupeleka kituoni wewe, si aliyekuuzia.

Andikishaneni: majina, simu, namba ya fremu, bei, tarehe, sahihi, na shahidi mmoja. Kwa muuzaji usiyemjua, ofisi ya serikali ya mtaa ni mahali pazuri pa kutiliana sahihi. Lipa baada ya sahihi, si kabla.

## Hatua ya 8: Wiki ya kwanza

Usiiendeshe mbali bado. Mpelekee fundi abadilishe waya zote za breki na gia, raba za breki, na tairi zenye nyufa. Waya wa breki wa resi una kichwa chenye umbo la pea, wa baiskeli ya milimani una kichwa kama kipande cha bomba. Ukilazimisha usiofaa utachomoka siku ya kubana kwa nguvu. Gololi zifunguliwe, zisafishwe, ziwekwe grisi mpya.

Mkataze fundi kupaka cheni oili chafu ya gari. Vumbi letu likishikana nayo linakuwa msasa, na cheni mpya itaisha mapema. Tone moja la mafuta mepesi kwa kila kiungo, subiri, kisha futa nje pakauke.

Panga siti: kipimo chako cha mguu wa ndani mara 0.883. Kwa mguu wa 80, ni sentimita 70.6 toka katikati ya ekseli ya pedali hadi juu ya siti, kwa kufuata mstari wa bomba. Ukikaa, kisigino kikifika pedali ya chini mguu uwe umenyooka bila nyonga kuyumba.

Jaza upepo. Mtu wa kilo 70 kwenye tairi la 28, anza na 70 psi nyuma na pungufu kidogo mbele. Tyubu nyingi za resi zina valvu nyembamba: legeza kichwa chake kidogo kabla ya kuweka pampu, kaza ukimaliza.

Safari ya kwanza iwe alfajiri ya Jumapili. Kutoka Moshi, elekea Boma Ng'ombe. Kutoka Arusha, elekea Kisongo. Kaa kushoto, na punguza mwendo kabla ya kila tuta, kwa kuwa tairi nyembamba likigonga tuta kwa kasi tyubu hubanwa na ringi na kutoboka matundu mawili sambamba.

Baada ya kilomita 100 hivi, kaza tena boliti za usukani, siti na mikono ya pedali, na mrudishie fundi magurudumu anyooshe spoki zilizolegea. Spoki hutulia safari za mwanzo, na usipozirudia ndipo zinapoanza kukatika moja moja.